Uzi Mguuni mwa Chura

Shuleni, Tanga
Ijumaa, 9 Mei 1958

Dada yangu Kijakazi,

Mimi mzima, nala, nalala, nasali. Mama msomee mpaka hapa, kisha mwambie nasoma kwa bidii. Yaliyobaki ni yako.

Nataka kukupa habari ya lile debe. Najua Mama aliona haya nilipopanda lori la mkonge nimekumbatia debe la vyura, ati mtoto wa Mzee Hatibu amekuwa kama mwenda wazimu. Sikueleza kwa sababu Methusela alikuwa amekaa kwenye usukani ananicheka, na mimi nikichekwa maneno hunikauka.

Ni hivi. Kabla ya likizo ya Idi mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, Bwana Fanueli, alituambia kwamba darasa la kumi litapasua chura, wanafunzi wawili chura mmoja. Lakini hapa mjini vyura ni shida, maana madimbwi yote hunyunyiziwa mafuta ya kuua viluwiluwi vya mbu. Akauliza nani anatoka shamba. Dada, wewe wanijua. Tangu niingie shule hii sijapata kunyoosha mkono. Jibu ninalo, na Kiingereza chake ninacho, ila mkono haupandi. Siku ile sijui ulipandaje. Bwana Fanueli akasema, "Mselem. Vizuri sana." Darasa zima likageuka kunitazama, kama vile hawakujua kwamba kiti kile kina mtu.

Basi nikawatoa kwenye kidimbwi cha mianzi, kule karibu na kwa Bibi Semeni, ambako hakuna anayechota maji. Wamejaa, wanene, wala hawakimbii mtu. Hapa shuleni Luka, yule wa Pongwe ninayekaa naye dawati moja, alipofunua debe alisema, "Jamani, Mselem kaja na mashemeji." Wakacheka, nami nikacheka kidogo. Kuchekwa kwa sababu umeleta kitu si sawa na kuchekwa bure.

Kuna jambo moja. Mmoja wao, yule mkubwa, ana uzi mweusi mguuni, umefungwa mafundo, na ushanga wa buluu. Luka anasema chura huyo kaolewa. Nani kwetu anawafunga vyura nyuzi? Ni watoto wa jirani? Kila nikifunua debe yeye ndiye ananitazama, wengine wanatazama ukuta.

Jumatatu ndiyo siku ya kupasua. Nisalimie mdogo wetu Chiku. Mwambie kaka yake hajasahau pipi, lakini apumzishe mdomo kidogo, siku zote za Idi alisema mpaka nimerudi shule masikio yanavuma.

Nduguyo,
Mselem

—

Maramba
Jumatano, 14 Mei 1958

Mdogo wangu Mselem,

Barua yako nimeipata, na Mama nimemsomea mpaka pale uliposema.

Chiku ana homa tangu juzi. Mama anasema ni ya mvua.

Nijibu neno moja, tena kwa lori la kwanza. Yule chura mwenye uzi, yu hai au amekufa? Usimwulize mtu mwingine, wala usiniulize mimi kwa nini. Jibu lako nitamsomea Baba.

Huku mvua haikati. Mtama umelala chini wote.

Dada yako,
Kijakazi

—

Shuleni, Tanga
Jumamosi, 17 Mei 1958

Dada yangu,

Yu hai. Nimetanguliza hilo kama ulivyotaka. Bwana Fanueli alimweka kando kwa sababu ya ule uzi, na waliobaki nimewaachia kwenye mfereji nyuma ya bweni, yeye akiwa pamoja nao. Mwambie Baba hivyo.

Jumatatu tulipasua wengine. Nitakuandikia ilivyokuwa, maana hapa sina wa kumwambia. Luka ukimwambia jambo linafika jikoni kabla ya chakula.

Walitiwa kwenye chupa yenye pamba ya klorofomu, wakalegea. Tukamlaza wetu chali kwenye sinia la nta, mikono na miguu tukaichoma pini. Chali hivyo, Dada, chura anafanana na mtu. Sikutazamia. Nilidhani nitaona mnyama. Luka alikataa kushika kisu, akasema kwao walokole hawachinji wasichokula, kisha akacheka peke yake. Nikakata mimi. Ngozi ilifunguka kama kanzu, na chini ya mfupa ule mwembamba moyo ulikuwa unapiga.

Nikamwambia Luka, "Hajafa huyu." Luka akasema, "Mwulize mwenyewe." Nikanyoosha mkono, mara ya pili katika maisha yangu, nikamwita mwalimu. Akaja akainama. Alisema kwa Kiingereza, nakufasiria: "Amekufa. Ni moyo tu ambao haujapata habari." Akasema moyo wa chura unaweza kuendelea muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka, ndiyo maana kupiga kwake peke yake si ushahidi wa uhai.

Kisha tukachora. Bwana Fanueli ana msemo wake, hupita nyuma ya viti akiurudia: "Chora unachokiona. Usichore unachokijua, usichore unachokitaka." Mchoro wangu ameubandika ukutani. Ni wangu peke yake uliobandikwa. Zamani jambo hilo lingenifurahisha.

Mvua ikinyesha vyura wa mfereji wanalia sana. Nikipita hunyamaza wote pamoja. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Chiku hajambo? Niandikie kwamba hajambo.

Mselem

—

Maramba
Jumatano, 21 Mei 1958

Mselem,

Barua yako ililetwa jana na Methusela. Nilimsomea Baba kama ulivyoandika, sikuongeza, sikupunguza. Yu hai. Mama alishukuru Mungu, akaenda akaufungua mkeka.

Sasa nikueleze mkeka gani. Mwaka jana wakati wa vuli, wewe uko shule, Chiku alishikwa na degedege mara kwa mara, mpaka tukawa tunamlalisha kwa zamu. Mama akampeleka kwa Bibi Semeni. Bibi alimchukua chura akampitisha mwilini mwa Chiku, kichwa mpaka nyayo, akamfunga uzi, na fundo la mwisho nililifunga mimi kwa mkono wangu. Akasema, "Huyu amebeba. Mkamwache kwenye mianzi, na maji yale yasichotwe. Maadamu yu hai, msimtie mtoto dawa ya mwingine, dawa mbili hazilali kitanda kimoja. Akifa, mimi kwangu basi, nendeni popote." Chiku akapona. Wewe mwenyewe ulimwona Idi, alivyokuwa akiruka. Hatukukwambia kwa kuwa tulijua utatucheka, wewe na shule yako.

Homa aliyonayo si ya mvua. Alhamisi alikakamaa, Jumapili tena, na tangu Jumapili hajui watu vizuri. Baba alikwisha kupatana na Methusela ampeleke hospitali kubwa huko Tanga. Mkeka ulikuwa umefungwa na chupa ya maji imejazwa. Mama akasema, ngojeni kwanza, ngojeni barua ya Mselem. Kama chura yu hai, mtamwua mtoto kwa sindano. Tukangoja.

Nikwambie la kwangu, ambalo hapa nyumbani sijalisema. Nilikuwa nikiomba uandike amekufa. Nilipoandika lile swali Mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Hajui kusoma, lakini ananisoma uso. Sikuweza kukuonyesha nataka jibu lipi. Nikadhani wewe utaandika lililo kweli, na la kweli nilidhani nalijua, maana nani amepata kuwapeleka vyura shule wakarudi?

Kama ulichoandika ndicho, basi, Mungu ametaka hivyo, na neno la Bibi Semeni ni kweli. Kama sicho, Methusela kesho anashusha mkonge bandarini na anarudi alasiri ile ile. Usifikiri, Mselem. Andika.

Kijakazi

—

Shuleni, Tanga
Alhamisi, 22 Mei 1958

Dada,

Amekufa. Amekufa Jumatatu ile, kwa mkono wangu. Msomee Baba hapa kwanza, na Mama asikie.

Yule niliyekuandikia kwamba tulimlaza chali ndiye yeye. Mimi niliyewaleta nilipewa kuchagua, nikamchagua yeye kwa sababu alikuwa mkubwa na viungo vyake vitaonekana. Uzi ulizuia pini isikae. Nikauchora kwanza, kisha nikaukata. Ninao, umo kwenye kikebe cha bikari. Katika mchoro ulioko ukutani uzi umo, ushanga umo, mafundo yamo. Mtu yeyote wa darasa la kumi angeweza kukwambia kwamba nimekudanganya, isipokuwa wewe huwezi kuingia humu ukaona.

Sikukudanganya kwa ubaya. Niliona umelitanguliza neno hai. Nikaona homa ya Chiku iko juu yake kwenye karatasi ile ile. Nikafikiri, kuna jambo baina ya hawa wawili, na dada anataka kusikia yu hai. Nikakupa. Tangu hapo, Dada, kila nikishika kalamu naona vidole vyangu vinapiga, hapa kwenye ncha, kama vile ule moyo ulivyopiga.

Kuna jingine. Siku ile kidimbwini Chiku alinifuata. Hakukaribia, alisimama kwenye mianzi. Nilipomwinua yule mkubwa akasema, "Mselem, huyo muache. Huyo ana mwenyewe." Nikamwuliza mwenyewe ni nani. Akasema, "Mimi." Nikacheka, nikamtia debeni. Nilidhani ni maneno yake ya siku zote.

Nimekwenda kwa Bwana Fanueli. Methusela aliponipa barua yako getini niliisoma nimesimama, nikaenda mbio mpaka chumba cha walimu nikabisha, wote wakiwa ndani na vikombe vyao vya chai. Nilianza kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza huwa kama anayesema ni mtu mwingine. Nikafika kwenye degedege nikakwama, sina neno lake. Nikamalizia kwa Kiswahili, na hapo ikawa ni mimi mwenyewe ninayesema, mbele ya wote.

Hakucheka. Aliniuliza, "Homa tangu lini?" Nikamwambia. Akauliza, "Anakunywa maji?" Nikasema sijui. Akavuta karatasi, na hivi sasa anamwandikia daktari. Akasema, "Mwambie baba yako asingoje jibu lolote tena. Ya uzi tutazungumza mtoto akiwa kitandani."

Barua yake imo ndani ya hii. Methusela anapiga honi. Ameahidi kupita nyumbani kwanza kabla ya kulirudisha lori kwa wenyewe shambani.

Mpandisheni leo leo.

Mselem

—

Maramba
Jumapili, 1 Juni 1958

Mdogo wangu,

Nimekaa siku nyingi bila kukuandikia. Kila nikianza, mkono unanipeleka kwenye lawama, na lawama sizitaki.

Lori lilikwama matopeni usiku ule, barua yako ikafika Ijumaa adhuhuri, Baba akijiandaa kwenda msikitini. Nilimsomea mlangoni. Alisikia mpaka mwisho. Akasema, "Rudia hapo pa kwanza." Nikarudia. Akasema, "Hapo pa mianzi." Nikarudia. Akaingia ndani akamchukua Chiku na shuka lake, akapanda naye lorini. Mama alimfuata bila viatu. Mkeka waliusahau, upo hapa umefunguliwa na sijaukunja.

Baba amerudi jana peke yake. Anasema Chiku anapumua vizuri na homa imeshuka. Nilipomwuliza zaidi akashika jembe.

Bibi Semeni amekuja. Nilidhani atatulaani. Aliuliza chura alizikwa wapi, nikasema sijui, akasema, "Na mwalimu hajui?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi hakuna ajuaye," akaenda zake. Tangu siku ile sipiti njia ya mianzi. Vyura wa pale walikuwa wakilia usiku kucha, wewe unajua. Sasa pako kimya, kwa sababu uliwachukua karibu wote. Ni jambo la kawaida, lakini sipiti.

Nami nina sehemu yangu. Ningeandika wazi, Chiku mgonjwa, mganga kasema hivi, nataka umwokoe. Niliona haya mbele ya shule yako. Wewe ukaona haya mbele yangu. Katikati yetu akalala mtoto.

Baba hataki kuuliza, Mama hana wa kumwandikia. Namwuliza aliye karibu. Chiku amesema?

Dada yako,
Kijakazi

—

Tanga
Alhamisi, 5 Juni 1958

Dada yangu Kijakazi,

Safari ile uliniuliza swali moja, nikakujibu nililodhani unataka kulisikia, na hata hilo nilikosea. Leo umeniuliza jingine. Nimekwenda hospitali jana na leo, Bwana Fanueli ameniombea ruhusa. Nimekaa kitako pembeni mwa kitanda kama nilivyokaa mbele ya sinia. Ninakuandikia ninachokiona.

Hajasema.

Homa hana. Amekonda miguu. Uji anameza ukiwekwa juu ya ulimi, ukiwekwa kwenye midomo unatoka. Macho yamefumbuka. Nikipitisha kidole, yanafuata mpaka upande wa dirisha. Upande wa mlango hayafuati. Nilijaribu mara nyingi, mpaka Mama akanishika mkono akaushusha. Mkono wa kulia wa Chiku uko juu ya shuka, umefunguka, kama ulivyowekwa. Daktari amesema wengine hurudi kidogo kidogo, wengine hubaki walipo, na kwamba siku zilizopotea mwanzoni ndizo zilizokuwa siku za kumponya. Hilo la mwisho alimwambia muuguzi kwa Kiingereza. Mama aliniuliza, "Kasemaje?" Nikamfasiria lote.

Nilidhani atanipiga. Alinitazama, akasema, "Umekula?" Nikasema bado. Akanipa sahani ya Chiku, nusu uji, nikala.

Bwana Fanueli ameondoa mchoro ukutani, sikumwomba. Luka hanitanii tena, na kutotaniwa na Luka ni jambo baya kuliko nilivyodhani. Jana aliniuliza anaitwa nani, nikasema Chiku, akasema atamtaja kanisani kama sitachukia. Nikasema sitachukia.

Umeniuliza ya Bibi Semeni. Walizikwa pamoja kwenye shimo la takataka la shule, chini ya mkorosho. Nimepafuata. Pameota majani kama mahali pengine. Jioni tukiwa kwenye masomo, vyura wa mfereji wanalia, na nikipita bado wananyamaza. Lakini mmoja sasa hanyamazi. Huendelea peke yake, polepole, mpaka nimeingia mlangoni. Sijamwona. Ninachokiandika ni nilichokisikia.

Jana nilimwekea Chiku mkono kifuani, kiganja wazi, hapa chini ya shingo. Moyo unapiga, sawasawa, wala hausiti. Ningependa kukuandikia hilo likatosha, Baba akalisikia akaweka jembe chini. Lakini nimekwisha kuuona moyo unavyoweza kuendelea.

Leo nilikuja na ule uzi. Nilimwuliza Mama niutupe au niufunge. Aliutoa kwenye kikebe, akautazama ulipokatwa, akauweka kwenye kiganja cha kulia cha Chiku, ushanga ukiwa juu. Mimi nikainama kuokota kifuniko kilichoanguka. Nilipoinuka vidole vya Chiku vilikuwa vimeufunika uzi, vyote vitano, na mkono wa Mama ulikuwa juu yao. Nikamtazama Mama usoni. Alikuwa analia, lakini Mama analia kila siku.

Sikuona kama vidole vilijifunga vyenyewe au ni Mama aliyevifunga. Sikumwuliza. Baba akitaka kujua, msomee hivi hivi, usiongeze, usipunguze: nilikuwa nimeinama.

Mdogo wako,
Mselem